"Was to" kwenye riwaya za Kiingereza: ni mpango au ni majaaliwa?

Mfasiri Chipukizi:

Habari zenu wapenzi wa lugha. Nina jambo limenigandisha kwenye ukurasa mmoja, naomba mnikwamue.

Natafsiri riwaya ya Kiingereza, ya zamani kiasi, kwa kujinoa tu. Hakuna mchapishaji anayenisubiri, kwa hiyo nina nafasi ya kubishana na kila sentensi. Mwandishi wangu huyu ana mazoea na *was to*. Hapiti kurasa mbili bila kuichomeka. Shuleni tulifundishwa kwamba *be to* ni jambo lililopangwa, mambo ya ratiba: *The train is to leave at six*, yaani treni itaondoka saa kumi na mbili. Nikaiandika, nikaipigia mstari, nikajua yamekwisha.

Sasa tazameni hizi tatu. Majina na maneno nimeyabadilisha, muundo nimeuacha ulivyo:

*Clara was to leave on Monday.*

*Clara was to remember that Monday all her life.*

*Clara was to have married in June.*

Ya kwanza naiona: "Clara alikuwa aondoke Jumatatu." Ya pili ndiyo inayonitoa jasho. Nani alimpangia Clara akumbuke? Mtu hawekewi ratiba ya kukumbuka. Nimejaribu "Clara angeikumbuka Jumatatu hiyo maisha yake yote," lakini kila nikiisoma kwa sauti naisikia inaning'inia, inangoja "lakini" ambayo haiji. Ya tatu hata kilichotokea sikielewi: bibie aliolewa au hakuolewa?

Je, kuna namna ya kujua *was to* ipi ni ipi? Na kwa Kiswahili tuiandikeje bila kumchosha msomaji?

Jibu Fupi:

Ya tatu: hakuolewa. Ukiona *was to* inafuatwa na *have* kisha kitenzi, jua mpango ulivunjika. Ya pili: "alikuja kuikumbuka." Ya kwanza umeshaipata. Kazi njema.

Kalamu Nyekundu:

Ndugu Chipukizi, karibu kwenye mateso. Nimehariri tafsiri za riwaya kwa miaka mingi, na kama kuna kitu kilichonimalizia wino ni hiki. Jibu Fupi kakujibu sawasawa kuhusu ile ya tatu. Kwa zile mbili nyingine namwomba radhi, sikubaliani naye.

Ukikutana na *was to*, achana kwanza na habari ya njeo, yaani wakati wa kitenzi. Jiulize: nani anajua? Ama wanajua watu waliomo ndani ya hadithi, kwa kuwa wao ndio waliopanga, ama anajua msimulizi peke yake, kwa kuwa yeye amekwisha kuufikia mwisho na sasa anatazama nyuma.

Nikupe mfano wa mambo yaliyotokea kweli, maana humo tofauti inaonekana waziwazi. Meli ya Beagle, ile iliyomchukua Charles Darwin akiwa kijana wa miaka 22, iling'oa nanga Plymouth tarehe 27 Desemba 1831. Mpango ulikuwa miaka miwili. Ikarudi Uingereza, ikatia nanga Falmouth, tarehe 2 Oktoba 1836. Mwandishi anaweza kuandika:

*The voyage was to last two years.*

Na mwandishi mwingine, kuhusu safari hiyohiyo, akaandika:

*The voyage was to last nearly five years.*

Zote mbili ni Kiingereza safi na zote mbili ni za kweli. Sarufi ni moja, hakuna hata herufi inayokunong'oneza tofauti. Lakini ile ya kwanza angeweza kuisema yeyote siku ile: nahodha, mabaharia, hata baba yake Darwin ambaye mwanzoni aliipinga safari yenyewe. Ile ya pili hakuna aliyekuwa gatini ambaye angeweza kuisema. Ni ya mtu aliyekwisha kuuona mwaka 1836.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia ni hiki: mrudishe mhusika kwenye siku ileile, umuulize kama analijua jambo hilo. Clara anajua kwamba anaondoka Jumatatu? Anajua, ameshafunga mizigo. Huo ni mpango. Clara anajua kwamba ataikumbuka Jumatatu ile mpaka uzeeni? Anaweza kuropoka hivyo, watu husema mengi wakiwa na furaha au uchungu, lakini kujua hajui. Anayejua ni msimulizi. Hapo mwandishi amekurushia jambo la mbele kabla halijafika, ile mbinu wanayoiita kisengere mbele, na *was to* ndiyo chombo chake anachokipenda kuliko vyote. Nadhani anakipenda kwa sababu ya uzito wake. Ukisema *she remembered that Monday all her life* umetoa taarifa. Ukisema *she was to remember* umemfanya Clara mtu aliyeandikiwa.

Sasa tuje kwetu. Kiingereza kinaweza kuyaficha mambo haya mawili chini ya maneno yaleyale. Kiswahili kinakulazimisha uchague, na ukichagua ovyo umeshamwambia msomaji mwisho wa hadithi. Chukua "Clara alikuwa aondoke Jumatatu," ambayo wewe na Jibu Fupi mmeipitisha. Isome kwa masikio ya mtu asiyejua kwamba nyuma yake kuna Kiingereza. Mtu akikuambia "nilikuwa nije jana," unangoja akuambie nini? Kilichomzuia. Bado hajafungua mdomo mara ya pili na wewe umeshajua kwamba hakuja. Basi Clara wako, kabla hujafungua ukurasa, msomaji ameshajua kwamba Jumatatu hakuondoka. Kama kweli hakuondoka na mwandishi alitaka tujue mapema, sawa. Kama aliondoka, umesema uongo.

Muundo huo mpe Clara wa tatu: "Clara alikuwa aolewe Juni." Angalia ulivyokaa. Huna haja ya kuongeza "lakini hakuolewa," kitenzi kimeshamaliza. Huo *was to have married* wa Waingereza, wenye maneno manne yaliyopangana, kwetu ni "alikuwa aolewe" na harusi imekufa. Mimi huo muundo naupenda, na nasikitika nikiona wafasiri wanauacha na kuandika "alikuwa amepangiwa kwamba angeolewa."

Ya kwanza iandike kwa namna isiyoegemea upande: "Clara alitarajiwa kuondoka Jumatatu." Au nyepesi zaidi, "Safari ya Clara ilikuwa Jumatatu."

Ya pili, ile ya jasho. -nge- yako inaning'inia kwa sababu -nge- ni ya masharti. "Angeikumbuka" kama nini? Kama asingekufa? Kama asingepatwa na maradhi ya usahaulifu? Msomaji anaanza kulitafuta sharti na sharti halipo. Na "alikuja kuikumbuka" ya Jibu Fupi ina mtego wake: inasikika kana kwamba Clara aliisahau kwanza, halafu siku moja ikamrudia kichwani. Hiyo "kuja" ni nzuri sana kwa mambo yanayotokea baadaye, "alikuja kujuta," "alikuja kuwa tajiri," "walikuja kuachana." Kwa kukumbuka inakugeuka. Mimi ningegeuza upande wa pili kabisa: "Jumatatu ile Clara hakuisahau maisha yake yote." Uzito umebaki na hakuna aliyejikwaa.

Zinapokuja zile zenye *never*, hapo ndipo Kiswahili kinatamba. Titanic iliondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912, usiku wa tarehe 14 ikagonga siwa barafu, alfajiri ya tarehe 15 ikazama. Ratiba yake ilikuwa kufika New York tarehe 17. Mtu akiandika *The ship was to have reached New York on 17 April*, wewe andika "Meli ilikuwa ifike New York tarehe 17 Aprili," yametosha. Akiandika *The ship was never to reach New York*, usimpe "haikufika" tupu, hiyo ni taarifa ya ofisi ya bandari. Mpe "haikujaaliwa kufika New York." Kujaaliwa, kuandikiwa, kuwa na siku: maneno hayo tunayo tayari, na ndiyo yanayobeba kile ambacho *was to* inakibeba kwa kujificha. Ila usiyamwage kila mahali. Msimulizi mwenye moyo mkavu, asiyeamini chochote, ukimwekea "hakujaaliwa" kila ukurasa utamgeuza mhubiri.

Binti Nahau:

Mwalimu Kalamu, shikamoo. Nimefurahia somo la Beagle, lakini -nge- umeionea.

Fungua redio, soma habari za watu mashuhuri: "alizaliwa mtoto ambaye angekuja kuwa rais wa nchi hiyo." Watu wanaisema, wanaiandika, na wasikilizaji wanaelewa bila kuuliza "kama nini?" Matumizi yameshaingia. Mhariri akikata kila "angekuja kuwa" anakata lugha hai.

Pili, ndugu Chipukizi asije akadhani kila *was to* ni mpango au majaaliwa. Kuna makundi mengine atakutana nayo humohumo na hayahusiani na wakati ujao hata kidogo. *Not a soul was to be seen*: hapo hakuna kilichopangwa, maana yake hapakuonekana hata mtu. *There was nothing to be done*: hapakuwa na la kufanya. *The box was not to be opened*: ni marufuku, sanduku lisifunguliwe. *He was to blame*: yeye ndiye mwenye kosa. Ukiona *to be* na kitenzi cha kutendwa, tulia kwanza, uangalie kama ni uwezekano au amri. Halafu kuna *if he were to ask*, hiyo ndiyo -nge- halali kabisa, "iwapo angeuliza." Wenye kujipinda wanaigeuza, *were he to ask*, wakaitupa *if* yenyewe. Maana ni ileile.

Na tatu, nilikuwa nangoja uizungumzie *would*, hukuigusa. *He would die in poverty* na *He was to die in poverty* zina tofauti gani?

Kalamu Nyekundu:

Marahaba, binti. Orodha yako ya pili naipokea mikono miwili. Hiyo ya sanduku hasa, nimeona mtu kaandika "sanduku halikuwa la kufunguliwa," na mimi nikabaki najiuliza basi lilikuwa la nini.

Kuhusu -nge-: nakubali kwamba sikio limeizoea inapokaa na "kuja," tena ndani ya kishazi cha "ambaye." Ile "kuja" inamshika mkono msomaji, inamwambia tunaenda mbele, tusitafute sharti. Lakini jaribu kuiandika bila hiyo "kuja," kama Chipukizi alivyofanya, inaanguka. Na hata ikiwa na "kuja," nakuuliza: "mtoto ambaye angekuja kuwa rais" inakupa nini ambacho "mtoto aliyekuja kuwa rais" haikupi? Neno moja zaidi, basi. Na kwenye riwaya kuna hatari nyingine. Riwaya imejaa watu ambao nusura wawe kitu fulani wasiwe. Ukiitumia -nge- kwa waliokuwa kweli, utawatofautishaje na wale ambao hawakuwa? "Kijana ambaye angekuja kuwa bingwa": alikuwa au risasi ilimwahi? Kwenye habari za redio msikilizaji anamjua rais, hadanganyiki. Kwenye riwaya anakutegemea wewe.

*Would* niliiacha kwa makusudi kwa kuwa ina vichwa vingi. Kwanza ni ya mazoea: *he would sit by the window*, yaani alikuwa na kawaida ya kukaa dirishani, hu- ya wakati uliopita. *Was to* haina kazi hiyo kabisa. Zinakutana tu pale msimulizi anaposema ya mbele. Hapo *he would die in poverty* ni nyepesi, inapita njiani. *He was to die in poverty* inasimama, inavaa koti. Mwandishi wa Chipukizi, kwa jinsi anavyomweleza, ni wa makoti. Kuna kitu kingine kinachoifanya *was to* iwe na ukakamavu huo: haina wigo. Ipo kwenye *am, is, are, was, were*, basi. Huwezi kusema *will be to die*, wala *has been to die*. Imebaki hapo imekauka, na magazeti yao yameikausha zaidi, kwenye vichwa vya habari wanaondoa hata *is*: *Minister to resign*.

Mfasiri Chipukizi:

Shikamoo mwalimu, na asante sana dada Nahau. Nimerudi kwenye daftari langu na kipimo cha "nani anajua" na zaidi ya nusu zimekaa zenyewe.

Lakini kuna moja imekataa. Mwisho wa sura ya nne, bwana mmoja anaaga mkewe, anapanda gari la farasi. Aya nzima ni fupi, na sentensi ya mwisho kabisa ni hii:

*He was to return in the spring.*

Nikapima. Mhusika anajua? Anajua, ndiyo ahadi aliyomwachia mkewe. Basi ni mpango, "alitarajiwa kurudi majira ya kuchipua." Nikaendelea kusoma. Sura ya tano amechelewa. Ya sita hakuna barua. Anakuja kurudi sura ya kumi na moja, na mwandishi anasema wazi kwamba miti ilikuwa inachipua. Ila ni miaka tisa baadaye.

Kwa hiyo ile sentensi ilikuwa ya kweli kwa pande zote mbili. Mke aliisoma kama mpango, msimulizi alikuwa anasema majaaliwa, na alijua anachokifanya. Nikiandika "alitarajiwa" nimeua upande mmoja. Nikiandika "alikuja kurudi" nimeua wa pili. Nikiandika "alikuwa arudi," kwa maelezo ya mwalimu, nimesema hakurudi kabisa.

Jibu Fupi:

Weka tanbihi.

Binti Nahau:

Tanbihi kwenye mwisho wa sura! Wewe mtu huna huruma.

Chipukizi, vipi ukilifanya jina? "Marejeo yake yalikuwa ya majira ya kuchipua." Haisemi mwaka, haisemi kama ni ahadi au ndivyo ilivyokuwa.

Kalamu Nyekundu:

Binti, inaziba mashimo yote mawili, hilo nakupa. Ila isome kwa sauti. Ni sentensi ya kumbukumbu za kikao. Mtu anaagwa, mke kasimama, halafu "marejeo yake yalikuwa ya."

Nina pendekezo ambalo nilipokuwa kijana ningelikata mimi mwenyewe: *Atarudi majira ya kuchipua.*

Ndiyo, kwa -ta-, katikati ya hadithi ya wakati uliopita. Kiingereza kilihitaji *was to* kwa sababu chenyewe kikishaanza kusimulia yaliyopita, hulazimika kulirudisha nyuma kila tendo lililomo. Sisi hatulazimiki. Tunasema "alisema atakuja," siku imeshapita, mtu ameshakuja na kuondoka, na -ta- imebaki palepale bila mtu kukereka. Kwa hiyo -ta- mwishoni mwa ile aya inaweza kuwa sauti ya mume akiaga. Inaweza kuwa sauti ya mke akijiliwaza. Na inaweza kuwa msimulizi anayejua kila kitu. Haina jina la msemaji, wala haina mwaka.

Binti Nahau:

Hiyo nimeikubali bila ubishi, jambo ambalo si kawaida yangu. Swali moja tu: aya nzima iko kwenye -li- na -ka-. Msomaji hatastuka?

Kalamu Nyekundu:

Atastuka kidogo, na hapo ndipo sura inapoishia, kwa hiyo mstuko uko mahali pake. Ikiwa katikati ya aya ningesita. Sharti langu ni kwamba sentensi iliyotangulia isiwe na "alisema" wala "aliahidi," kwa sababu ukiitanguliza hiyo umemfungia mume maneno yote na msimulizi ametoka nje. Chipukizi, sentensi ya kabla yake inasemaje?

Mfasiri Chipukizi:

Mke anatazama gari mpaka linapinda kona, halafu anafunga lango. Kwa sasa nimeandika hivi:

"Akalitazama gari mpaka likapinda kona, akafunga lango. Atarudi majira ya kuchipua."

Kalamu Nyekundu:

Safi. Usiguse. Na ile sura ya kumi na moja, anaporudi, tumia maneno yaleyale ya majira ya kuchipua, usije ukaandika "miti ilipoanza kutoa majani." Msomaji lazima ayakute tena kama yalivyokuwa, la sivyo kazi yote hii tumemfanyia nani?

Jibu Fupi:

Mimi bado nasema tanbihi. Lakini hii nayo inafaa.